Daftari la Redio la Jomvu Kuu

Nyinyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaofikiwa na karatasi hizi, kaeni chini msome bila kunikatiza. Najua mnavyonisema nikigeuka. Mwasema bibi ana shida, ukitumwa kibiriti dukani lazima usimame mlangoni urudie maneno yake kama mtoto wa chuoni anayesomeshwa alifu. Ni kweli, na sitaacha. Leo nitawaambia ilikotoka, kisha nisiulizwe tena, maana nimechoka, na jambo lenyewe nalo limechoka kukaa ndani yangu.

Lilirudi juzi kwa njia ya pua. Mjukuu wangu Swaleh aliingiza betri ya sola ukumbini, akaiweka juu ya mkeka wangu bila kuuliza, na ile harufu ya maji ya betri ikapanda. Harufu kali, chachu, kama chuma kilichokamuliwa ndimu. Nikamwambia aitoe. Akaitoa. Harufu ikabaki. Nikaenda sandukuni nikatoa leso moja kuukuu yenye matundu, nikaketi nayo mapajani mpaka adhana ya alasiri. Watoto walidhani leso imeliwa na panya. Haikuliwa na panya. Imeliwa na maji ya betri, na aliyeibeba betri hiyo kichwani, kutoka Changamwe hadi Jomvu Kuu, Jumapili baada ya Jumapili, ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, au karibu na hapo. Ilikuwa miaka ya thamanini. Tulikuwa tukikaa Changamwe, chumba na ukumbi, katika nyumba za wafanyakazi ambazo malori yakipita vikombe hucheza kabatini. Baba yangu, Mzee Athmani, alikuwa mtu wa meli. Si mpishi wala si kuli. Alikuwa mpiga simu. Kazi yake ilikuwa kukaa katika kijichumba kidogo juu ya meli na kugonga kidude cha shaba, ti-ti-ta, na mbali huko mtu mwengine akasikia na kuandika. Alikuwa akituambia kwamba katika kazi ile hakuna kusema "nadhani nimesikia". Ukipelekewa ujumbe waurudia neno kwa neno kwa aliyekupelekea, na yeye akikubali ndipo umekuwa ujumbe. Alilisema hilo mara nyingi mpaka Mama akawa anamalizia yeye.

Alipoachishwa meli alirudi na sanduku la nguo, saa ya mkononi, na redio yake mwenyewe pamoja na kibali cha serikali cha kuitumia. Akapata kazi ya kufungua na kufunga lango la ghala. Siku sita alifungua lango na kulifunga. Siku ya saba alikuwa mpiga simu tena.

Redio ile haikuwa ya kusikiliza nyimbo wala habari za vifo. Ilikuwa ya kuita na kuitikiwa. Duniani kuna watu, si wa jeshi na si wa biashara, ambao starehe yao ni hiyo tu: kuitana kutoka mbali, kuulizana jina na mahali, kuandikana daftarini, kisha kupelekeana kadi kwa posta ili kila mmoja awe na ushahidi kwamba walizungumza. Basi. Hawatafuti kitu chengine. Mama alikuwa haelewi. Alisema, "Mtu mzima waita watu usiowajua, wakikuitika wafurahi, kisha mwaagana. Si bora ukamsalimie ndugu yako Likoni?" Baba aliendelea kufuta vumbi redio yake. Hakuwa mtu wa kubishana.

Pale nyumbani redio ilikuwa haifai. Mashine za viwandani na nyaya za umeme zilitia mvumo masikioni, kama nyuki ndani ya debe. Kwa hiyo Baba alitafuta mahali pasipo umeme, akapapata Jomvu Kuu, juu kidogo ya ghuba, nyuma ya mashamba ya mihogo, kwenye uwanja mtupu wenye mkwaju upande mmoja na mnazi upande wa pili. Huko ndiko tulikokuwa tukienda.

Tulitoka mapema baada ya chai. Baba alibeba sanduku la redio begani. Mimi nilisokota leso nikafanya ngata, nikajitwika betri ya gari dogo. Tuliifuata njia ya malori, vumbi na moshi usoni, mpaka tukashika njia za miguu. Baba alinishika bega njia nzima. Nilidhani ananionea huruma kwa uzito. Nilijivuna, wallahi. Nilikuwa nikimwambia, "Baba, hapa pana shimo," "Baba, hapa pana jiwe," nikidhani nafanya adabu ya kumtunza mkubwa. Yeye alisema, "Ahsante, mwanangu," na mkono haukutoka begani. Shingo yangu hii inayoniuma wakati wa baridi ilianza kuuma njia ile. Tulipumzika mara tatu, siku zote mahali pale pale, na kila mara nikitua betri, maji yalikuwa yameshachungulia kwenye vifuniko na kunilamba leso.

Tukifika, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurusha jiwe. Nilifunga jiwe kwa mshipi wa kuvulia, nikalirusha juu ya tawi la mkwaju mpaka likaangukia upande wa pili, kisha tukavuta waya ukapanda. Ncha ya pili tukaifunga kwenye mnazi. Waya ukakaa hewani umenyooka, mwembamba, unang'aa. Baba alivaa vikombe vya kusikilizia masikioni, akakaa juu ya gunia, akaanza kugonga.

Kuita kulichosha kuliko kutembea. Aliita, akanyamaza, akasikiliza. Akaita, akanyamaza, akasikiliza. Jua likapanda, matope ya ghuba yakatoa ile harufu yake ya maji yaliyokupwa, kaa wakatoka kwenye mikoko, na Baba angali aita. Siku nyingine tulirudi nyumbani hajajibiwa na mtu hata mmoja. Hakulalamika. Alisema tu, "Hewa leo ni nzito," akakunja waya.

Lakini akijibiwa! Uso wake ulifunguka kama dirisha. Aliinua kidole, maana yake niwe tayari, nami nikafungua daftari. Hapo ndipo kazi yangu kubwa ilipoanza. Baba alisikia herufi na nambari za jina la redio ya yule mtu, akanitajia moja moja, nami nikaziandika. "K. Andika. Saba. Andika." Niliachishwa shule darasa la tatu ili nimsaidie Mama kulea, na kuandika kwangu huku mnakokuona nilijifunza kwenye daftari lile. Nilipomuuliza kwa nini haandiki mwenyewe, aliniambia mikono yake iko kazini. Nikaamini. Mkono mmoja kweli ulikuwa kazini. Wa pili ulikaa gotini.

Baada ya herufi alisema, "Saa?"

Sasa sikilizeni vizuri. Ile saa yake ya mkononi nilikuwa naivaa mimi siku hizo za Jomvu, imenizidi, inazunguka mkononi kama bangili. Hakuniruhusu kukigusa kile kifundo cha kugeuzia mishale. Aliniambia, "Hii haifuati jua letu. Hii ni saa ya dunia nzima, wapiga redio wote huandika hii, asije mmoja akasema asubuhi na mwengine akasema jioni. Sisi tumeitangulia kwa saa tatu." Kwa hiyo jua la saa nne, saa ile ilisema saa moja. Hilo nililielewa. Nikatazama mshale mfupi ulipo na mshale mrefu ulipo, nikamjibu, "Saa moja na dakika ishirini, Baba." Akasema, "Vyema. Andika. Tarakimu nne, usipunguze. Ikipungua tia sufuri mbele." Nikaandika: sufuri, moja, mbili, sufuri. Nikapuliza wino ukauke. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Kulikuwa na mama mmoja wa Jomvu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akitanda leso ghubani kuvua uduvi. Alipanda kutoka majini leso zikimchuruzika, akatukuta pale kila Jumapili. Siku moja Baba alikuwa amepata mtu wa mbali sana, sauti nyembamba kama uzi, mara akashtuka, "Amezama! Amenipotea!" Nikainua macho. Bi Mwanakombo alikuwa ametundika leso yake mbichi katikati ya waya, na ya pili yaja.

"Bi Mwanakombo!" nikapiga kelele. "Si kamba ya nguo hiyo!"

"Haya, mwaitundikani basi katikati ya uwanja?" akasema, hata hakuona haya. "Athmani, huyo unayemwita yuko wapi?"

"Yuko mbali, dada. Ng'ambo ya bahari."

"Yuwakudai?"

"La."

"Wamdai?"

"La."

"Basi mwache apumzike. Mimi niko hapa hapa, nakwambia shikamoo tangu nikiwa majini, huniitiki. Wa ng'ambo asiyekujua wamtafuta kwa waya."

Baba alicheka mpaka akavua vile vikombe. Ni mara chache nilimsikia akicheka hivyo. Bi Mwanakombo akatoa leso zake, akatupa uduvi kiganja kimoja kwenye jani, akaenda zake. Nayataja haya ili mjue kwamba tulionekana. Mchana kweupe, mbele ya watu, na nguo zikianikwa juu yetu.

Tukirudi nyumbani nilinakili kadi. Kila kadi niliandika jina la redio ya yule mtu, tarehe, saa kama ilivyo daftarini, na Baba akaweka sahihi nilipomwekea kidole. Tukazitia posta. Kisha tukangoja. Baba alingoja kadi zile za kujibu kama wengine wanavyongoja mtoto aliye safarini. Zilikuja chache mno. Mama alisema, "Waona? Hata hao hawakujui." Baba alisema ni posta.

Siku moja ikarudi kadi, ile ile yetu wenyewe, imeandikwa kwa wino mwekundu kwa Kiingereza. Karani wa posta akatusomea: bwana huyo asema saa iliyotajwa yeye alikuwa hajafungua redio, daftarini kwake hamna Athmani, tafadhali tazameni tena. Baba alisimama pale penye kidirisha muda mrefu. Njiani akaniuliza, "Saa uliandika sawa?"

Nikasema, "Niliandika kama nilivyokutajia, Baba."

"Na ulinitajia sawa?"

"Sawa, Baba."

Akaniambia basi. Hakunitaka nifungue daftari nimsomee. Aliirejesha ile kadi mfukoni mwa shati, na mwendo wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mwongo.

Miaka ile ilikuwa ya wasiwasi. Mtu akiwa na kitu ambacho jirani hakielewi, maneno yalipelekwa. Yetu yalipelekwa. Nani aliyapeleka sikujua na sasa sitaki kujua. Kibali cha Baba kilikuwa kinakaribia kwisha, lazima kigongwe muhuri upya, na badala ya kugongwa akaletewa barua ya serikali: aje ofisini na redio, na kibali, na daftari. Kibali kilimruhusu kupiga redio mahali pa wazi, kutoka jua kuchomoza mpaka kutua. Si usiku. Daftari ndilo lingeonyesha kwamba amelitii sharti hilo. Mama alitaka daftari lichomwe. Baba alikasirika, jambo ambalo si kawaida yake. "Daftari ndilo shahidi wangu," akasema. "Likisomwa, watu wataona. Kila neno limo." Akamtaka Mama anipigie pasi gauni, maana nitakwenda naye.

Nakumbuka ubao wa ile ofisi, ulivyonukia mafuta ya taa waliyosugulia. Afisa alikuwa kijana wa bara, mpole, simsingizii. Alimpa Baba kiti. Mimi nikasimama nyuma ya kiti, betri miguuni pangu, kwa sababu tuliambiwa tulete vyote. Akageuza kurasa za daftari polepole. Baba alikaa ameinua kichwa, anatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwanawe atangazwe wa kwanza darasani.

"Mzee," yule kijana akasema, "hapa Jomvu Kuu mlikuwa mkifanya nini saa saba usiku?"

"Usiku? Hatujapata kwenda usiku."

"Daftari linasema. Saa saba na dakika ishirini usiku. Hapa tena, saa nane kasorobo. Hapa saa saba na dakika tano. Jumapili zote."

"Hiyo ni saa ya dunia, bwana. Ongeza tatu."

"Nimeongeza, mzee. Hata nikiongeza tatu inakuwa saa kumi na dakika ishirini. Alfajiri ya giza. Kwenye ghuba, na ghuba ile unaijua ina majahazi ya magendo. Kibali chako kinasema mchana."

Baba akanyoosha mkono, akapewa daftari, akaliinamia, akalisogeza karibu na uso, akaligeuza kidogo kuelekea dirishani. Nilimwona akipitisha kidole juu ya mistari yangu. Kisha akaliweka mezani.

Nikawaza, huyu afisa hajui kusoma. Mimi nimeandika saa moja, yeye anasema saa saba. Nilijua kabisa nimeandika saa moja. Lakini mtoto wa kike wa miaka kumi na moja hamwambii afisa hajui kusoma, na sisi tulilelewa kwamba mbele ya wakubwa husemi mpaka uulizwe. Sasa nikaulizwa.

"Wewe binti, haya umeandika wewe?"

"Abee. Ni mimi."

"Kwa nini umeandika saa hizi?"

Nilitafuta jibu la heshima, jibu lisilo na ubishi, nikalipata, nikalisema wazi:

"Nimeandika kama alivyoniambia Baba."

Hakuna uwongo ndani ya maneno hayo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Yule kijana akamtazama Baba. Baba akageuza uso wake upande niliokuwapo, si machoni pangu, kando kidogo, karibu na sikio, akasema taratibu, "Naam. Ni mimi niliyemwambia."

Redio ikabaki pale. Na betri ikabaki. Daftari likatiwa kwenye faili. Hawakumfunga, alhamdulillahi, wala hawakumtukana. Walimwambia aje wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo, akaambiwa ijayo. Nilikwenda naye kila mara, mkono begani, sasa sina kitu kichwani na bado shingo ilikuwa nzito. Mama, ambaye hakuipenda redio ile hata siku moja, ndiye aliyesema, "Kamwiteni yule mwanamke wa Jomvu aseme aliwaona mchana." Baba akamjibu, "Daftari likisema usiku na mtu akisema mchana, huaminiwa daftari. Hata mimi ningeliamini daftari."

Ikapita miezi. Siku moja hakuenda. Akakaa barazani akigonga goti lake kwa kidole, ti-ti-ta, akanyamaza, akasikiliza. Mama alifagia kumzunguka. Lango la ghala nalo likamshinda mwaka uliofuata, maana alimfungia nje mwenye ghala mwenyewe, na hapo ndipo watu wote walipojua kwamba Mzee Athmani haoni. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza kisha inaingia ndani. Ilikuwa imeshamla siku nyingi. Na mimi, niliyekuwa bega lake, sikujua.

Miaka ikaenda. Niliolewa Shika Adabu, upande wa Likoni, nikazaa. Ilikuwa miaka ya tisini. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye ndiye baba yake Swaleh, alikuwa na kifua kibaya, nikaandikiwa karatasi nimlete kliniki siku fulani. Karatasi iliandikwa saba, nukta, sufuri sufuri. Nikampikia chakula, nikaswali adhuhuri, nikafika pale saa saba barabara. Benchi zilikuwa tupu. Muuguzi alikuwa anafunga makabati.

"Mama, umechelewa sana. Ulitakiwa saa moja asubuhi."

"Pameandikwa saba," nikamwambia, na sikupenda alivyonitazama. "Mimi najua kusoma."

"Saba ya saa ya ukutani, mama. Tazama pale. Mshale mfupi uko nambari ngapi?"

Nikatazama. Maisha yangu yote nilitazama mishale ilikokaa, nambari sikuzitazama. Nani wa kwetu huzitazama? Mshale ukikaa pale ni saa saba, ukikaa kule ni saa moja, hivyo ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu.

"Uko kwenye moja," nikasema.

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi. Kwenye karatasi sisi huandika nambari ya ukutani. Ukisema saa moja, inaandikwa saba."

Nikaketi benchini na mtoto. Muuguzi akadhani naumwa, akaniletea maji. Niliona ukurasa mzima wa daftari mbele ya macho yangu, mwandiko wangu mzuri, sufuri, moja, mbili, sufuri. Mshale ulikuwa kwenye saba. Mdomo wangu ukasema saa moja, sawa kabisa, na Baba akasikia saa moja, sawa kabisa, akiwa na saba kichwani mwake. Mkono wangu ukaandika moja. Kwa mdomo hatukukosana hata siku moja. Tulikosana kwenye karatasi, na karatasi ndiyo iliyosafiri kwenye kadi mpaka ng'ambo, na karatasi ndiyo iliyofika ofisini.

Jumapili ile nilivuka feri nikaenda Changamwe. Baba alikuwa barazani, macho yameshakuwa ya rangi ya maziwa. Nikamshika mkono, nikaubusu, nikamwambia bila kuzunguka, maana sijui kuzunguka. "Baba, kosa la daftari lilikuwa langu. Mshale ukiwa saba mimi niliandika moja."

Akagonga goti. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa pale ofisini. Aliposema saa saba, nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Nikajua."

"Na kwa nini hukusema?"

Lori likapita, vikombe vikacheza ndani. "Ningesema mtoto amekosea," akaniambia, "wangeniuliza, na wewe mbona hukusoma alichoandika? Ningejibu nini? Nilikuwa nimeshika lango la watu, na kibali cha watu, na sikuwa naona. Nilificha. Hata mamako nilimficha." Akageuza uso ukanikosa kidogo, kama siku ile. "Miaka yote melini sikupokea ujumbe usiorudiwa. Wewe sikukwambia urudie hata mara moja, Mwanaisha. Ningekwambia nisomee, ningekuwa nimekwambia sioni. Kosa lako lilikuwa la mtoto. Langu lilikuwa la mtu mzima, tena mpiga simu."

Nilimuuliza kama niende ile ofisi nikaeleze. Akasema waliokuwapo hawapo tena, na redio ile imeshakuwa kutu, na yeye amechoka kuambiwa aje wiki ijayo. Akaniuliza kama mtoto amepona kifua. Nikamwambia sijui, nilichelewa, nimepewa siku nyingine. Akasema, "Mara hii waambie wakusomee kwa sauti, nawe urudie." Nikafanya hivyo.

Alifariki miaka michache baadaye, mchana, watu wakiwa wamemzunguka. Nimefikiri sana juu ya mkono ule begani mwangu. Nilidhani mimi ndiye ninayesaidiwa kubeba. Nilikuwa nambeba mtu mzima na sikuambiwa, na yeye alikuwa amenitwika macho yake akaona haya kunieleza. Watu wawili wanaopendana, tumekaa juu ya gunia moja, tukaita dunia nzima ituitike, na baina yetu sisi hakuna aliyeuliza umesikia nini.

Tulipomaliza matanga nikarudi Shika Adabu. Nikawaita watu wa nyumba yangu ukumbini, mume wangu kizingitini, watoto juu ya mkeka, wote wachovu na njaa, nikawaambia:

"Tangu leo, katika nyumba hii, atakayetumwa atarudia alichoambiwa kabla hajavuka mlango, na aliyemtuma hatamwachia mpaka asikie. Na asiyeona, asiyesikia, asiyejua, awe mtoto awe mzee, atasema. Haya. Rudieni."